Kelele za Profesa Brandl

"Pita kushoto!"

"Kushoto kuna shimo, dada."

"Basi pita juu ya shimo!"

Wilbard akapita. Pikipiki ya Boxer iliruka, ikatua kwa kishindo, na tope likawarukia wote wawili hadi kifuani. Nyanzobe hakujifuta hata uso. Macho yake yalikuwa kwenye simu ya Samsung aliyoifunga mkononi ndani ya mfuko wa nailoni. Kidoti chekundu kilikuwa kikisogea mbele yao. Kilisogea taratibu, lakini kilisogea.

Kulia kwao malori yalikuwa yamepanga foleni tangu kijiji cha Mpemba. Scania, Freightliner, matangi ya mafuta, makontena yaliyofunikwa maturubai. Madereva waliokwisha kata tamaa walikuwa wamejikunyata chini ya matela wakikwepa manyunyu, wakipika ugali kana kwamba wamehamia pale. Ilikuwa Novemba 2014, mvua za kwanza, na barabara ya kuingia Tunduma ilikuwa ya kila mtu isipokuwa mwenye haraka.

Kidoti kilitoka kwenye kifaa kidogo chenye sumaku, kipana kama kisoda, ambacho Nyanzobe alikibandika kwa mkono wake chini ya Prado nyeupe. Alifanya hivyo jana, Mbeya, gari likiwa limeegeshwa mbele ya hoteli.

Simu ikaita kwenye kidude alichokivaa sikioni.

"Korongo, uko wapi?"

Alikuwa Bwana Balthazar, mkuu wa kitengo chake katika Idara ya Usalama, akimwita kwa jina lake la siri. Alikuwa ofisini, Dar es Salaam, na feni lake lilisikika likizunguka nyuma ya sauti yake.

"Tunduma, mkuu."

"Nilikwambia urudi chuoni."

"Nilikusikia."

"Sasa huko Tunduma umefuata nini?"

"Namfuata Profesa Brandl. Anavuka kwenda Zambia na mawasiliano yetu ya miaka miwili. Ya jeshi, ya balozi zetu, ya watu wetu wote wa mipakani."

"Mawasiliano yetu yanafungwa kwa msimbo."

"Ndiyo, yamefungwa."

"Anaweza kuyafungua?"

"Leo hawezi."

"Nani anaweza?"

Nyanzobe akafumba macho. Alijua linakokwenda. "Leo, hakuna mtu duniani."

"Kwa hiyo unataka nimkamate mgeni wa chuo kikuu," Balthazar akasema polepole, "mtu anayetuletea kompyuta za msaada, kwa kosa la kuchukua maandishi yasiyosomeka na mtu yeyote duniani."

"Nimesema leo, mkuu. Kufuli zetu zinategemea namba kubwa ambazo kompyuta za sasa haziwezi kuzigawanya. Kompyuta ya kwantamu itazigawanya. Wanakusanya sasa, wanatunza, wanasubiri mashine."

"Mashine hiyo ipo?"

"Inatengenezwa."

"Ikishatengenezwa, nipigie."

Simu ikakatika.

Nyanzobe alitukana kwa Kisukuma. Wilbard, Mndali wa milima ya Ileje, hakuelewa neno hata moja, lakini akaongeza mafuta.

Hakuna kitu kilichokuwa kimemchosha Nyanzobe katika kazi hii kama kuelewa jambo peke yake. Risasi alizizoea. Alizaliwa katika kaya ya wafugaji walioshuka na ng'ombe wao hadi bonde la Momba, akajifunza kukabiliana na fisi kabla hajajua kusoma. Lakini miaka miwili iliyopita Idara ilimwita, ikaona alama zake za hesabu, ikamwambia: kasome shahada ya uzamili ya modeli za kihisabati, ukae karibu na huyu profesa mgeni, kuna harufu tusiyoielewa. Wao waliona ni vazi tu la kujifichia, kama kumvalisha aproni ya mhudumu wa baa.

Hakuna aliyemuuliza anasoma nini.

Naye akapenda. Hilo ndilo lililokuwa kosa. Akapenda kukaa na mlinganyo mmoja mpaka ukubali. Akapenda hata kompyuta ya kwantamu, somo la Ijumaa ambalo wanafunzi wenzake walilikimbia. Na Brandl, kazee kafupi kenye ndevu za kijivu na Kiswahili cha darasani, alikuwa mwalimu hasa.

Alimpa Nyanzobe mada ya tasnifu mwenyewe. Juu ya paa la maabara kulikuwa na dishi. Brandl alisema linapokea kelele za angani kwa ajili ya modeli za hali ya hewa. Kazi ya Nyanzobe ilikuwa kuunda modeli ya kelele hizo: zinapanda lini, zinashuka lini, zinafuata nini.

Hazikufuata kitu.

Kila modeli aliyoijenga ilianguka. Aliwasilisha, ikarudi. Akawasilisha tena, ikarudi tena na maneno yale yale ya wino wa kijani: *Modeli dhaifu. Rudia.* Wenzake wakatetea kazi zao, wakavaa majoho, wakapiga picha na wazazi. Yeye akabaki. Siku moja alijifungia chooni maktaba akapiga teke ndoo mpaka ikapasuka.

Halafu, juma lililopita, akaacha kuuliza modeli ina kasoro gani. Akauliza kelele zina kasoro gani.

Kelele za asili zina tabia. Jua likiwaka zinabadilika, mvua ikinyesha zinabadilika, jirani akiwasha mashine ya kusaga zinalalamika. Hizi hazikuwa na tabia yoyote. Zilikuwa hovyo kupita kiasi, hovyo safi, hovyo isiyo na hata doa. Na kitu pekee kinachoweza kuwa hovyo namna hiyo ni maneno ya binadamu yaliyofungwa kwa msimbo makusudi.

Dishi halikuwa likisikiliza anga. Lilikuwa likisikiliza serikali.

Na kila modeli yake ilipoanguka, Brandl alikuwa akipata uhakika kwamba rekodi zake zimeingia salama, hazikuchanganyika na takataka. Miaka miwili Nyanzobe alikuwa akimkagulia mwizi mzigo wake.

"Ile pale!" Wilbard akapiga kelele.

Prado nyeupe ilikuwa imebanwa katikati ya basi na tangi la mafuta, karibu kabisa na geti la forodha. Wilbard akazima pikipiki. Alikuwa mtu wa Idara, lakini kwa watu wa Tunduma yeye alikuwa wakala wa forodha, mtu wa kugongesha mihuri, na kizibao chake cha kung'aa kilimruhusu kugonga kioo cha gari lolote. Akagonga.

Kioo kikashuka. Brandl mwenyewe alikuwa kwenye usukani. Akamtazama Wilbard, akamtazama mwanamke aliyepakaa tope nyuma yake, akatabasamu kwa mshangao wa kweli.

"Bi Nyanzobe! Umekuja mbali sana kufuata sahihi yangu."

"Fungua nyuma, Profesa."

Tabasamu la Brandl likabadilika, likawa la mtu aliyeona mwanafunzi wake amefika kwenye jibu.

"Kumbe," alisema. "Kumbe na wewe una mwajiri."

Akashuka, akafungua mwenyewe.

Masanduku ya alumini. Nyanzobe akayafungua yote. Vipima mvua, nyaya, betri, laptopu moja ya Dell, taulo. Akapekua tairi la akiba. Akang'oa zulia. Akalala kwenye tope akatazama chini ya gari. Nyuma yao mahoni yakaanza, lori moja, malori matatu, halafu foleni nzima.

Hakuna diski hata moja.

"Nimealikwa kwenye semina Lusaka," Brandl alisema kwa upole. "Nimekuonyesha kila kitu. Naomba sasa na wewe unionyeshe hati ya upekuzi."

Hakuwa nayo. Hati ilihitaji saini ya Balthazar.

Nyanzobe alisimama mvuani. Amekosea? Modeli yake imeanguka tena, mara hii mbele ya malori?

Akatazama ndani ya gari kwa mara ya mwisho. Kiti cha dereva kilikuwa kimesukumwa nyuma mpaka mwisho.

Brandl alikuwa mfupi. Miguu yake isingefika kwenye pedeli bila kukaa ukingoni mwa kiti. Aliyeendesha gari hili kutoka Mbeya alikuwa mtu mrefu.

"Dereva wako yuko wapi? Ezron yuko wapi?"

"Amekwenda kula."

Alijibu haraka mno.

Nyanzobe alimvuta Wilbard pembeni. Mawazo yalikuwa yakienda mbio sasa. Katika kipindi cha kwanza kabisa, Brandl aliwaambia kuwa sanduku lenye kufuli ndilo mahali pabaya zaidi pa kuficha kitu. Kifiche katikati ya vinavyofanana nacho.

"Wilbard, hapa Tunduma mtu akitaka kuvusha diski za kompyuta bila mtu kugeuza shingo, anafanyaje?"

"Kompyuta chakavu," Wilbard alijibu bila kufikiri. "Zinatoka sokoni mchana wote, zinavuka kwenda Nakonde, kule Zambia, kwa guta. Mafundi wa kule wanazichinja vipuri. Nani atakagua? Ni uchafu mtupu."

"Njia ipi?"

"Nyuma ya maduka ya vitenge. Kuna mtaro. Ukiruka mtaro, umeshaingia Zambia."

"Washa."

Boxer ilipenya katikati ya meza za nyanya, mitumba na vocha. Akina mama waliwarukia pembeni wakiwalaani. "Mwendawazimu wewe!" Wauza kwacha wakakumbatia mikoba yao. Wilbard alipiga honi mfululizo, akakata kona kwenye duka la mwisho, wakatokea uchochoroni.

Guta la magurudumu matatu lilikuwa mbele, limejaa maboksi ya kompyuta za zamani, yamefungwa kwa kamba za mpira. Msukumaji alikuwa mbele amelishika usukani, amevua viatu. Nyuma yake, kama tajiri anayesindikiza mzigo, alitembea mtu mrefu mwenye koti jeusi.

Mtaro ulikuwa hatua chache tu mbele yao. Ubao ulikwisha lazwa juu yake.

"Ezron!"

Yule mtu akageuka. Akaona. Akampigia kelele msukumaji: "Vusha! Vusha haraka!" Mkono wake ukaingia kotini ukatoka na bastola ya Browning.

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha pikipiki. Wilbard akainamia usukani. Nyanzobe hakungoja pikipiki isimame. Alijirusha, akaanguka kwa bega, akateleza kwenye tope miguu mbele, na buti zake zote mbili zikapiga gurudumu la nyuma la guta.

Guta likapinda. Likasita. Likamwangukia Ezron na monita zake zote.

Risasi ya pili ilikwenda mawinguni. Ya tatu haikutoka, kwa sababu Glock ya Nyanzobe ilikuwa imegusa sikio lake.

"Achia."

Akaachia.

"Jamani mzigo wa watu!" msukumaji alilia akishika kichwa. "Sista, mimi Yesaya, kila mtu hapa ananijua, mimi nasukuma tu! Monita ya watu hii!"

"Tulia, Yesaya," Wilbard alimwambia akimfunga Ezron pingu. "Umesukuma vizuri. Sasa tuazime bisibisi."

Boksi la kwanza: vumbi na mende. La pili: mende bila vumbi. La tatu, la nne, hakuna kitu. Nyanzobe aliendelea kufungua skrubu. La tano lilikuwa zito kuliko lilivyostahili. Alipotoa ubavu wake akaona soksi. Soksi za kijivu, zimepangwa vizuri kama mayai.

Ndani ya kila soksi kulikuwa na diski ndogo.

Akazihamishia kwenye mfuko wa salfeti, zote. Mfuko ukawa na uzito wa mtoto mchanga. Kisha akapiga simu.

"Mnara, hapa Korongo. Ninazo."

Balthazar hakumpongeza. "Nimepigiwa simu, Nyanzobe. Na watu wakubwa. Profesa amelalamika kwa wafadhili wake, wafadhili wamelalamika kwa wakubwa, wakubwa wamenigeukia mimi. Una kosa gani la kumfungulia?"

"Dereva wake ametupiga risasi!"

"Dereva mshikilie, bastola hiyo bila shaka haina kibali. Profesa je? Kuna sheria gani inayosema kurekodi kelele ni kosa? Nimemuuliza mwanasheria wetu. Amecheka."

"Mkuu, humo ndani kuna majina. Ya kila mtu wetu kati ya hapa na Ziwa Tanganyika. Langu. La Wilbard."

"Ambayo hayasomeki."

"Leo!"

"Usinipigie kelele. Mrudishie diski zake, arudi kwenye gari lake, aende semina. Hiyo ni amri. Umenielewa?"

Mvua iligonga mabati ya maduka. Nyanzobe aliutazama mfuko miguuni pake.

"Nimeelewa, mkuu. Nimrudishie diski zake."

"Hasa."

Brandl alitokea uchochoroni akiwa na mwavuli, simu bado mkononi. Hakuharakisha. Alimpita Ezron kana kwamba hamjui, akasimama mbele ya Nyanzobe.

"Naona umeshapewa maelekezo," alisema. Halafu akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza ikawa sauti ile ya Ijumaa darasani. "Uligunduaje?"

"Zilikuwa safi mno."

"Safi mno." Alirudia maneno hayo kwa furaha ya kweli. "Unajua nimewapa data hizo wanafunzi wa nchi tatu? Wote walinitengenezea modeli. Wote walinidanganya ili wahitimu. Wewe peke yako ulikataa kudanganya. Tasnifu yako haikuwa dhaifu, Bi Nyanzobe. Ilikuwa sahihi tangu mara ya kwanza."

Nyanzobe alikuwa ameyasubiri maneno yale miaka miwili, na amekuja kuyapata hapa, kutoka kwa mtu huyu.

"Taasisi yangu ina nafasi moja ya uzamivu," Brandl aliendelea. "Kompyuta ya kwantamu. Utaiona mashine yenyewe, utaigusa kwa mikono yako. Nitasaini tasnifu leo, hapa hapa. Hawa wakubwa wako hawatakuelewa hata ukifa. Mimi nimesoma kila ukurasa ulioandika."

Ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililouma. Balthazar hakuwahi kusoma hata kichwa cha habari.

"Mashine itakamilika lini?" aliuliza.

"Miaka kumi. Labda kumi na tano."

Nyanzobe akamtazama Wilbard, aliyekuwa akimsaidia Yesaya kuinua guta. Wilbard alikuwa na watoto wawili kule Ileje, mdogo hajaanza shule. Baada ya miaka kumi na tano mtu atakaa mezani, mbali, atasoma jina la baba yao, nyumba anayokutana na watoa habari wake, na majina ya watoa habari hao. Watu hao bado watakuwa hai. Watakuwa wakinywa chai.

"Nisubiri hapa, Profesa. Nakuletea diski zako."

Akauchukua mfuko, akazunguka maduka, akatokea barabarani.

Upande wa Zambia geti lilikuwa limefunguliwa. Freightliner iliyobeba shaba ilikuwa ikitoka, tela limelala kwa uzito, matairi yakibana lami. Nyanzobe akaingia barabarani akanyanyua mkono. Breki zikalia. Dereva, Mbemba wa makamo, akatoa kichwa.

"Bamayo, ukufwa?" alifoka. Alikuwa akimuuliza kama anataka kufa.

Nyanzobe alipiga magoti, akamwaga diski zote mbele ya matairi ya kulia, akazipanga kwa kiganja zisipishane, moja baada ya nyingine. Kila moja ilikuwa na sehemu yake ya miezi ile: mikesha, modeli zilizoanguka, kila namba aliyoikokotoa. Nakala nyingine hakuwa nayo. Brandl alifuta kila kitu maabara kabla ya kuondoka.

"Madam, ifi finshi? Hivi ni nini?"

"Takataka, baba. Pita."

Dereva alitikisa kichwa, akaachia breki.

Tairi la kwanza lilipita. Sauti ilikuwa ndogo, kama mtu anayetafuna barafu. Halafu matairi ya nyuma. Halafu ya tela, jozi baada ya jozi, na tani zote zile za shaba juu yake. Lilipomaliza, Nyanzobe alirudi akachuchumaa, akavunja kwa kitako cha Glock vipande vilivyobaki na umbo. Visahani vya ndani vilikuwa vya kioo. Vilikuwa vimegeuka unga unaometa kwenye tope.

Akakusanya vyote. Hakuacha kipande.

Brandl alikuwa amekuja hadi pembeni ya barabara. Mwavuli ulikuwa umemshuka, mvua ikimnyeshea kichwani, na hakuonekana kujua. Nyanzobe alimwekea mfuko mikononi. Ukalia kama kokoto.

"Nimeamriwa nikurudishie diski zako. Hizo hapo."

Profesa alifungua mfuko, akatazama, akaufunga.

"Zilikuwa data zako pia," alisema. "Huna tena kitu cha kutetea. Huna shahada. Umejiharibia mwenyewe!"

"Najua."

Simu ikaanza kuita sikioni mwake. Mnara. Akakitoa kile kidude cha sikioni, akakitia mfukoni kikiendelea kuita.

"Semina njema, Profesa."

Foleni ilikuwa imeanza kusogea. Nyanzobe akangoja tangi la mafuta lipite, akavuka barabara, akaanza kutembea kuelekea Mpemba kando ya malori, mikono mfukoni, bila haraka, na hakugeuka nyuma.